Majani Yale ni ya Nani?



Kijana mmoja wa machimbo alinionyesha picha katika telefone yake: watalii juu ya farasi, majani mpaka mbali, mlima Kenya kwa nyuma. Ni Laikipia, kule Kenya. Watu wanalipa feza nyingi kwenda likizo katika ranchi zile, asubuhi kupanda farasi, jioni kuota moto. Akasema: «Pasta, nikipata zahabu nzuri, mimi pia nitanunua vilima huku Djugu, niweke ngombe na farasi. Majani iko bule!»

Ndugu, kupumzika si zambi. Farasi huku kwetu ni shida, juu ya inzi wale wanaoleta malale, lakini kwenye vilima vya baridi ngombe wanasitawi. Nilimuuliza neno moja tu: majani yale ni ya nani?

Hata Laikipia hayakuwa bule. Mwaka wa 1904 Waingereza waliondoa Wamasai wengi katika Bonde la Ufa, wakawapeleka Laikipia kwa mapatano. Mwaka wa 1911 yakaja mapatano mengine, wakaondolewa hata pale, pamoja na watoto na mifugo, kwenda kusini. Udongo wakapewa walowezi. Mwaka wa 2017, katika ukame mkali, wachungaji wa ngombe wenye silaha waliingia katika ranchi. Mwezi wa tatu, mwenye ranchi mmoja, aliyezoea kutembeza wageni kwa farasi, alikwenda kutazama nyumba za wageni zilizochomwa. Alipigwa risasi, akafa. Kumwua ilikuwa zambi. Risasi haizai haki.

Na sisi je? Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Mwaka ule ule ferme za Wazungu zikagawiwa wananchi. Baadaye wengine walitafuta karatasi kimya-kimya, wakaongeza mipaka, wakangoja miaka miwili mpaka nafasi ya kulalamika ipite, halafu wakafukuza wenye kulima. Mwezi wa sita 1999, matata ya mipaka ya ferme katika Djugu yaliwasha vita. Makaburi yake mnayajua.

Kumbukeni Balaamu, katika Hesabu 22. Punda aliona malaika mwenye upanga njiani. Mtu aliyempanda hakuona kitu, akampiga punda bule. Aliye juu anaona mbali, lakini haoni mafiga ndani ya majani, kaburi la mzee, njia ya wamama wanaochota maji.

Basi, wewe unayetaka kununua, shuka. Tembea mpaka kwa miguu pamoja na majirani, wa kabila lako na wasio wa kabila lako. Sheria ile ile ya 1973 inaomba uchunguzi mbele ya kutoa udongo wa vijijini: mipaka itazamwe, wanaokaa pale waandikwe, wenye kulalamika wasikilizwe. Usimpe mtu feza ili aandike uchunguzi huo akikaa kwenye kiti chake. Wazazi, ongeeni na vijana wenu mambo haya mbele zahabu haijapatikana.

Jumapili kijana yule alirudi: «Pasta, na majirani wakikataa?»

Nikamjibu: «Basi umeokoa feza yako, pengine na watoto wako. Tafuta kilima kingine, na huko pia uulize.»

Neema ya Bwana iwe nanyi.