Mtoto wa Kolwezi aimbe akodi kabla ya kuibonyeza

Kwaya zetu za Kolwezi zimekikabidhi kinanda masikio yao. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi huku kwetu katika komuni ya Manika, wimbo unakufa hapohapo: hakuna anayejua aishike wapi sauti yake. Nafundisha kwaya hapa, naliona jambo hilo mara kwa mara, na linaniuma, kwa kuwa dawa yake ni sauti tatu tu: do, mi, sol.

Sauti hizo zikilia pamoja ndizo akodi meja. Kutoka do hadi mi ni nusu-toni 4, kutoka mi hadi sol ni 3. Shusha mi nusu-toni moja, akodi inageuka maina, na wimbo wa harusi unaanza kuomboleza. Utamu wa meja una sababu: do ikitetemeka mara 4, mi hutetemeka mara 5 na sol mara 6, hivyo mawimbi yake hukutana kila wakati badala ya kugombana.

Mi ya kinanda, lakini, imepandishwa kidogo ili chombo kipige funguo zote bila kutengenezwa upya. Koo la binadamu halifungwi hivyo. Alto wanaowasikiliza besi huishusha mi mpaka ikatulia mahali pake, na akodi ikajaa kuliko ile ya mashine.

Anayeijua do-mi-sol hachelewi kuzijua fa-la-do na sol-si-re. Nyimbo nyingi za ibada na za dansi hutembea ndani ya hizo tatu. Sol-si-re huleta hamu ya kurudi nyumbani, maana noti ya si imebakiza nusu-toni moja kuifikia do.

Wa kutufundisha tunaye. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, ndani ya jimbo letu la leo la Lualaba. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, na gitaa lake likapendwa hadi Nairobi. Alipiga kwa vidole viwili: gumba likishika besi, cha shahada kikichezea nyuzi nyembamba. Aliivunja akodi, sauti moja baada ya nyingine, kila moja ikasikika ikifanya kazi yake. Mtoto akimsikiliza anaelewa jinsi akodi inavyojengwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa shule za msingi na viongozi wa kwaya: mwanzoni mwa kila mazoezi, kinanda kizimwe. Besi waanze do, teno wapokee sol, alto waitafute mi, soprano wafunge kwa do ya juu. Wakae hapo mpaka kila mmoja amsikie mwenzake. Kisha wamsikilize Mwenda.

Vinanda tununue, sivipingi. Lakini jimbo lililomzaa Mwenda lisilee waimbaji wasioweza kuanza wimbo bila umeme.