Kidhibiti Mwendo Kisiondolewe

Mhariri,

Naomba niwanasihi vijana wetu wa Mambrui wawapelekeao mafundi skuta zao ndogo za umeme ili kidhibiti mwendo kiondolewe, kwani chombo ambacho breki na tairi zake zimekadiriwa kwa kilomita 25 kwa saa, kikikimbizwa kwa 50, nguvu ya kishindo chake huwa mara nne, wala si mbili.

Tangu mwaka 2004, kanuni za marehemu Waziri John Michuki zilipolazimisha matatu kufungwa vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa, twawalaumu madereva wanaovichezea. Basi insafu yatutaka tujihukumu kwa mizani ile ile, na wazazi wasiiridhie hatari hii katika vichochoro wapitamo watoto waendao chuoni.

Wako mtiifu,
Msomaji, Mambrui