Mtoto Akienda Porini Mara ya Kwanza

Likizo kubwa imefika. Wengi wetu tutalala kambini, njia ya Buta au ya Bafwasende: wanaume kuwinda kanga, sisi na watoto kuokota mbinzo. Kijana anayefuata baba yake kuwinda mara ya kwanza avae viatu vya mpira. Chandarua kisibaki nyumbani eti ni siku 2 tu. Lakini kwanza mfundisheni hili: nyama aliyekutwa amekufa haguswi, hata kama mwili ungali na moto. Tumbili au kindi anaweza kuleta mpox. Najua ni vigumu kuacha nyama njiani, kwa bei za soko letu! Mtoto akirudi na homa na vipele, mpelekeni kituo cha afya, mkamwambie muuguzi alikuwa porini. Shule itamngoja.