Kutoka Baiskeli hadi Pikipiki: Nguvu Kiasi Gani?

Rafiki yangu mmoja wa Tukuyu, mwalimu mwenye umri unaokaribia miaka 50, amepanda baiskeli tangu utotoni. Ameipandisha hadi Kiwira na kuiteremsha hadi Kyela, masika na kiangazi, wala sijapata kusikia kwamba ameanguka. Sasa amejaliwa kupata fedha za kununua pikipiki yake ya kwanza, naye hazitaki zile za ujazo wa 125 au 150 ziendeshwazo na vijana wa bodaboda. Anataka ya 400. Hoja yake ni kwamba yeye si mtoto: barabara anaijua, na kujisawazisha juu ya magurudumu mawili hakumshindi.

Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Mpanda baiskeli mzoefu hujua kulalia kona, kutazama mbali aendako, na kuutambua utelezi kabla hajaufikia. Hata kuusukuma mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani ili chombo kilalie kulia, hulifanya jambo hilo bila kujua kwamba analifanya.

Lakini katika baiskeli mwendo hulipiwa kwa miguu. Mtu wa kawaida huweza kutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu. Akitaka zaidi, hutweta na mapaja humuuma. Uchovu huo ndio kipimo chake cha mwendo. Injini ya ujazo wa 125 hutoa wati zipatazo 7,500. Ya 400 yaweza kutoa 30,000, yaani mara 300 ya miguu yake, kwa kuzungusha mkono tu. Tena chombo kikirushwa na shimo, mkono ule ule ulioshika usukani huweza kuongeza mafuta bila mwenyewe kukusudia.

Na tufanye hesabu. Mwalimu na baiskeli yake wana kilo 80. Juu ya pikipiki kubwa watakuwa kilo 240. Akienda kilomita 80 kwa saa badala ya 20, uzito umeongezeka mara 3 na mwendo mara 4. Ila nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo imeongezeka mara 48. Hiyo yote sharti iondolewe kabla hajalifikia lori la ndizi lililoharibika katika ukungu.

Mtasema kwamba mteremkoni baiskeli nayo hukimbia bila jasho. Ni kweli, na ndipo hasa watu wa Rungwe tunapojifunza kuogopa. Toka Tukuyu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi nyanda za Kyela, twashuka kiasi cha mita 1,000. Kilo 240 zikishuka hivyo hutoa nishati itoshayo kuchemsha lita 7 za maji baridi. Sehemu huchukuliwa na upepo. Iliyobaki huishia katika breki, isipokuwa mwendeshaji ashushe gia na kuiacha injini imzuie. Mpanda baiskeli hana mazoea hayo. Akiogopa hukamata breki, pengine na klachi pamoja, na hapo injini haimsaidii tena.

Hoja yake nzito, ambayo mwenyewe hakuitaja, ni ya kupanda. Kwetu juu hewa ni nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko pwani, na injini isiyo na kifaa cha kuishindilia hewa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Hata hivyo, mtu mmoja kupanda mlima wa mita 8 kwa kila 100, kwa kilomita 50 kwa saa, hahitaji zaidi ya nusu hivi ya nguvu inayobaki katika injini ya 125. Akipakia abiria na mkungu wa ndizi, basi 150 au 200. Ile 400 sioni itamfaa kwa kazi gani.

Mwalimu hajakubali. Asema atakwenda Mbeya kuitazama kwanza. Mimi, ambaye nami sijapata kumiliki pikipiki, nimeazimia kununua ya 150 na kuanzia uwanja wa mpira, siku ya mvua. Mahali panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, sitaingoja sana.