Kadi ya Sauti na Kasumba ya Namba Kubwa

Kasumba mpya inawanyemelea watumishi wa umma na walimu wanaosikiliza muziki kwa kompyuta majumbani. Mwalimu wa Bendera, wilayani Same, hulipa nauli mpaka mjini, na huko huambiwa kwamba sauti yake ni mbovu kwa kuwa kadi yake ya sauti ni ya 44,100. Sharti anunue ya 192,000.

Namba hizo ni mara ambazo sauti hupimwa kwa sekunde moja. Sikio la binadamu halipokei mitetemo inayozidi 20,000 hivi kwa sekunde, na kuinasa yote hutosha kupima zaidi kidogo ya mara mbili yake. Ndiyo maana diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zilitumia 44,100. Ziada hiyo anauziwa nani? Popo?

Nyimbo za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kisha zikanakiliwa ovyo na kubanwa, hazifufuliwi na kadi yoyote.

Kadi ina kazi yake halali. Spika zikikwaruza kila kipanya kinaposogezwa, aghalabu hiyo ni kelele ya umeme wa ndani ya kompyuta. Kadi ndogo ya nje, ya kuchomeka kwenye tundu la USB, huiepuka. Lakini spika dhaifu hubaki dhaifu. Fedha zitangulie huko.

Mwuzaji anayetaja namba huku akimnyima mnunuzi nafasi ya kusikiliza, hauzi sauti. Anachuma kwa ujinga wa wengine. Na ujinga ni adui ambaye mwalimu ndiye askari wa kwanza kumkabili.