Mashine Inayoona Shubiri Moja

Ditekta nzuri ya kutafutia sarafu ni ile ambayo muuzaji wake anakubali kwamba inaona shubiri moja. Akichangamka sana, atasema shubiri na vidole viwili. Akikuambia mita tatu, aga, toka dukani. Akikuambia mita kumi, tena akakuwashia skrini yenye picha za rangi zinazoonyesha sanduku la Mjerumani limelala chini ya mwembe, usitoke peke yako. Toka na kila aliyemo.

Nasema hivyo kwa ukali kwa sababu biashara hii imeingia mikononi mwa watu wanaouza ndoto, na wanaoumia si matajiri. Anaumia mstaafu aliyepokea kiinua mgongo. Wanaumia vijana wanaochanga fedha ili wanunue mashine moja ya kushirikiana. Inaumia familia inayouza ng'ombe kwa sababu babu alisema Wajerumani walipokimbia walizika mali karibu na boma. Muuzaji anajua hadithi hiyo vizuri kuliko anavyoijua mashine yake. Ndiyo anayoiuza.

Na hadithi yenyewe ina punje ya kweli, ndiyo maana haifi. Mwaka 1916 Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamefungiwa njia ya bahari. Wakiwa Tabora, kwenye karakana ya reli, walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Zilitoka takriban 16,000 tu. Leo wakusanyaji wanaigombania. Kwenye punje hiyo umeota msitu mzima wa ramani za siri, masanduku, minyororo ya dhahabu na misumari ya shaba inayosemekana "kuonyesha njia".

Lakini kilichobaki ardhini kwa wingi si tembo wa Tabora. Ni kile tunachokitaja kila siku bila kufikiri: hela. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha mfumo wa rupia moja kwa pesa 64, wakaleta rupia moja kwa Heller 100, na jina la sarafu hiyo likakaa midomoni mwetu hadi leo. Heller za shaba zilitengenezwa kwa mamilioni. Ukiwa na bahati utaipata moja, pamoja na senti ya Mwingereza yenye tundu katikati, au pesa ya shaba ya Sultani Barghash. Utaiosha, utaishika, utafurahi. Hutajenga nyumba. Anayenunua ditekta kwa furaha hiyo ananunua kitu cha haki. Anayenunua kwa kutaka nyumba keshaibiwa kabla hajalipa.

Tuelewane kidogo kuhusu kifaa chenyewe, maana uongo wote hujificha hapo. Sahani iliyo chini ya mpini ina waya uliozungushwa ndani. Umeme unaopita humo hubadilisha mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kuuzunguka waya kunakuwa na nguvu ya sumaku inayopandashuka. Nguvu hiyo ikifika kwenye metali huzaa mikondo midogo ya umeme ndani yake. Mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake ndogo, na waya wa pili huisikia. Basi. Mashine haijui dhahabu ni nini. Inasikia mwangwi wa kitu kinachopitisha umeme.

Na mwangwi huo hufa upesi ajabu. Ukishapita upana wa sahani, kila unapoongeza kina mara mbili, mwitikio wa kitu kidogo hupungua kama mara 64. Ni sawa na kutoa rupia ya zamani ukarudishiwa pesa moja. Ndiyo maana sarafu husikika sentimita 20, labda 25 udongo ukiwa mpole, na hakuna bei itakayoigeuza shubiri kuwa kina cha kisima. Kitu kikubwa kama sanduku la chuma kinaweza kusikika kwa mita moja au zaidi kidogo kwa mashine za kazi hiyo, lakini mashine hizo hazisikii sarafu moja.

Utaniambia: mbona wachimbaji wadogo kanda ya Ziwa wanapata dhahabu kwa ditekta? Naam, wanapata, vipande vilivyo karibu na uso wa ardhi, tena kwa kukwangua udongo tabaka baada ya tabaka na kupitisha mashine upya. Wao ndio mashahidi wangu, si wako.

Halafu kuna uongo mkubwa zaidi: kile kijiti cha antena kinachozunguka mkononi na "kuelekea" kwenye dhahabu iliyo kilomita moja mbele. Mwingereza James McCormick aliuza vijiti vya aina hiyo akidai vinanusa mabomu. Serikali ya Iraq ilivinunua kwa mamilioni ya dola, askari wakasimama navyo vizuizini, na mabomu yakapita. Asili ya kifaa ilikuwa kichekesho cha kutafutia mipira ya gofu, kilichouzwa Marekani kwa chini ya dola 20. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10. Ikiwa serikali nzima ilishawishika, usijione mjinga kushawishiwa. Ila pima.

Kupima hakuhitaji shahada. Chukua vikombe vitano vya plastiki, ficha sarafu chini ya kimoja wakati muuzaji yuko nje na wewe mwenyewe umegeuka, mwenzenu awe ndiye anayeficha kisha naye aondoke. Muuzaji aingie, aonyeshe. Rudieni mara kumi. Mtu anayebahatisha atapata mara mbili hivi. Ditekta ya kweli itapata mara kumi. Atakayesema "mashine haipendi kujaribiwa" ameshakujibu.

Sasa, kwa mwenye fedha kidogo anayetaka kuanza. Swali la kwanza si "inafika chini kiasi gani?" Uliza, "itanyamaza kwenye udongo wangu?" Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na mashine isiyoweza kusawazishwa na ardhi itapiga kelele mchana kutwa bila sababu. Mchanga uliolowa maji ya bahari ni adui mwingine, kwa kuwa chumvi hupitisha umeme. Mashine ya masafa mamoja itahangaika pale mawimbi yanapofika. Ile ya masafa mengi kwa pamoja, kama Vanquish ya Minelab, itatulia zaidi. Simplex+ ya Nokta hutumia kilohezi 12 tu, lakini huzama majini hadi mita tatu na unaweza kuisawazisha. Garrett ACE 250 ya zamani, kilohezi 6.5, haina mbwembwe, na iliyokwishatumika bado inafaa uwanja wa mpira na mchanga mkavu. Sina hisa kwa yeyote kati yao. Nataka tu ujue kwamba mashine za kweli za wanaoanza zipo, zinauzwa kwa dola mia chache, na hakuna hata moja inayodai mita kumi.

Usitumie fedha yote kwenye mashine. Bakiza ya vipokea sauti vya masikioni, maana sarafu ya chini huzungumza kwa kunong'ona. Bakiza ya koleo dogo imara, na ya kile kifaa cha mkononi cha kuchungulia ndani ya shimo. Wala usizitegemee namba za skrini. Kishikio cha kopo la soda na pete ya dhahabu vinaweza kutoa mlio uleule. Shilingi 500 yetu ya mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli. Ukiiamuru mashine idharau chuma, inaweza kuidharau na hiyo. Kwa hiyo utachimba visoda. Vingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii mtu huinama mara arobaini kwa sarafu moja.

Nimefika kwenye lililonifanya niandike. Anayeamini mashine yake inaona mita kumi hatafuti kwenye uwanja wa mpira. Anakwenda kwenye magofu. Anakwenda makaburini. Ndoto kubwa hutaka mahali pakubwa, na hapo hasara inaacha kuwa yake peke yake.

Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ndogo, nyepesi, na hazimtajirishi mtu. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Watu wa pwani hii walibeba vina mifukoni. Mwaka 1971 moja ya sarafu hizo, ya al-Hasan bin Sulaiman, iliokotwa Great Zimbabwe, na kwa sababu mahali pake panajulikana, ni ushahidi wa shaba wa uhusiano wa Kilwa na nchi ya dhahabu. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu kutoka nchi za mbali zilizosaidia kuijua karne yake, ya 11. Ondoa mahali, na unabaki na vipande vya metali. Sarafu iliyong'olewa magofuni usiku na kuuzwa kwa mgeni hotelini ni yatima: ina jina, haina kwao.

Sheria inajua hili. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi inaweka mpaka wake mwaka 1895. Kuchimba kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni. Kwa kigezo cha umri, basi, Heller yako ya 1904 iko upande huu wa mstari, na sarafu ya Kilwa iko upande wa pili. Ruhusa ya mwenye shamba bado unaihitaji. Magofu, makaburi na maboma, yaache.

Ila sheria yetu inatisha kuliko inavyokaribisha, na hilo nalo nalilaumu. Muulize mvuvi wa Kilwa au Lamu aliyeokota sarafu ufukweni ampelekee nani, na atashukuriwa vipi. Mwaka 1992, kijiji cha Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alichukua ditekta akaenda kutafuta nyundo ya mkulima iliyopotea shambani. Akakuta sarafu za Warumi. Akaacha kuchimba, akatoa taarifa, na wataalamu wakazitoa zikiwa bado katika mpangilio wake: sarafu 14,865, bila kuhesabu vyombo na mapambo. Alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo nayo iko British Museum. Lawes hakuwa mtakatifu kuliko mvuvi wetu. Alikuwa na mlango wa kubisha, na alijua utafunguliwa. Tukitaka watu wasiuze historia gizani, tuwawekee mlango mchana.

Hadi hapo, wajibu unabaki kwako unayeshika mpini. Nunua mashine ndogo inayosema kweli. Itembeze pale watu walipocheza, walipouza, walipoangusha vya mfukoni mwao: viwanja, minada, fukwe. Fukia kila shimo, beba kila kisoda. Ukisikia mlio karibu na ukuta wa kale wa matumbawe, zima. Shubiri moja inakutosha kwa furaha yako yote. Anayekuuzia zaidi ya hapo anakuuzia shimo, na atakayelichimba ni wewe.