Jinamizi la Darwin na Ziwa Lililosahauliwa

Ni vigumu kuitazama filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, iliyotolewa mwaka 2004, bila kufadhaika. Ndege za mizigo zinaondoka Mwanza na minofu ya sangara kwenda Ulaya, ilhali wenyeji wanakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu filamu hiyo hadharani. Tukabishana juu ya tuhuma za silaha na heshima ya taifa. Kwa maoni yangu, katika mabishano hayo ziwa lenyewe lilisahauliwa.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 ili kuongeza kitoweo na mapato. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kotekote, na aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Habari hii yajulikana. Mnyororo unaoifuata ndio usiofundishwa vya kutosha.

Furu, kwa udogo wake, aliweza kuanikwa juani. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Hakauki vema juani, hivyo hubanikwa kwa moto wa kuni. Miti ikakatwa zaidi. Ardhi iliyo wazi, pamoja na mashamba na maji machafu ya miji, ikapeleka rutuba ziwani, na mwani ukastawi. Baadhi ya furu waliokuwa wakiula mwani huo walikwisha kuliwa. Mwani ukifa na kuoza, hutumia oksijeni ambayo samaki huihitaji.

Je, tumlaani sangara? La hasha. Amewapatia maelfu ya watu kazi, na viwanda vimejengwa kwa ajili yake. Lakini waliompandikiza walihesabu faida ya uzani wa samaki tu. Hawakuhesabu kuni, udongo wala hewa iliyomo majini.

Basi, ndugu mwalimu, waonyeshe wanafunzi filamu hiyo, kisha uifunge na kuwatuma kwa wavuvi wazee wakaulize: ni samaki gani waliokuwapo, na walikaushwaje? Huruma peke yake haihifadhi ziwa. Atakayelihifadhi ni kijana aliyezoea kuuliza, kabla ya kila mradi wenye faida: na baada ya hapo, itakuwaje?